Ushiriki wa wananchi upimwe kwa hoja zilizofika, si kwa mahudhurio

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie jambo ambalo sisi wakazi wa Mwanza hulisikia kila majira ya kuandaa bajeti yanapofika, nalo ni kwamba mpango wa maendeleo umeandaliwa kwa kuwashirikisha wananchi. Maneno hayo yamo katika taarifa za halmashauri, katika risala za uzinduzi wa miradi na wakati mwingine hata kwenye vibao vinavyosimikwa mbele ya madarasa mapya. Sina sababu ya kuamini kwamba wanaoyaandika wanadanganya. Wana ushahidi wao, na ushahidi huo ndio unaonitia shaka, kwa sababu mara nyingi ni idadi ya watu waliohudhuria na thamani ya nguvu walizochangia, basi.

Anayetaka kujua ushiriki unavyopimwa na akae nyuma katika mkutano wa hadhara wa mtaa, uwe wa Igoma, Nyamanoro au Buhongwa, aitazame karatasi ya mahudhurio inavyozunguka. Ina safu ya jina, ya jinsi, ya namba ya simu na ya sahihi. Wapo wanaoisaini kabla mkutano haujafunguliwa, wapo wanaopita njia wakaisaini wakiwa wamesimama kisha wakaendelea na safari yao, na si ajabu ikawa bado inazunguka mwenyekiti akiwa ameshafunga kikao. Ikifika ofisi ya kata huambatanishwa na muhtasari, wanaume wakajumlishwa huku na wanawake huku, na jumla hiyo ndiyo inayopanda hadi kwenye taarifa ya utekelezaji. Karatasi ile haina safu ya aliyezungumza, wala ya alichosema, wala ya kilichotendeka baada ya yeye kusema. Nilikuwa mjumbe wa kamati ya mtaa katika kipindi kilichoishia kwenye uchaguzi wa Novemba 27, 2024, na sikumbuki hata mara moja ambapo ngazi ya juu ilituuliza chochote kuhusu mkutano zaidi ya tarehe, idadi na picha.

Katiba yetu haikuishia kwenye kuhudhuria. Ibara ya 21 inampa kila raia haki na uhuru wa kushiriki kwa ukamilifu katika kufikia uamuzi juu ya mambo yanayomhusu yeye, maisha yake au yanayolihusu Taifa, na Ibara ya 146 inataja kupeleka madaraka kwa wananchi kuwa ndiyo madhumuni ya kuwapo serikali za mitaa. Uamuzi na madaraka ni vitu vinavyoacha alama. Kama wananchi ndio walioamua, alama ya uamuzi wao lazima ionekane katika mpango ulioidhinishwa, katika kifungu cha bajeti na katika fedha zilizotumika, na kama haionekani huko, basi wingi wa sahihi hauwezi kuiziba nafasi yake. Mwaka 1969 mtaalamu wa mipango miji wa Marekani, Sherry Arnstein, aliupanga ushiriki katika ngazi nane, ya chini kabisa ikiwa ile ambayo watu hukusanywa ili tu waonekane wamekubali, na ya juu kabisa ikiwa ile ambayo wananchi wenyewe wanashika madaraka. Kupewa taarifa na kuulizwa maoni aliviweka katikati. Karatasi ya mahudhurio haiwezi kutuambia tuko ngazi ipi kati ya hizo nane, kwa kuwa mkutano wa ngazi ya chini kabisa na wa ngazi ya juu kabisa unaweza kuwa na watu mia mbili walewale.

Nguvu za wananchi nazo zisichanganywe na uamuzi wao. Katika mji huu wa mawe, watu wamevunja kokoto, wamebeba mchanga na maji, wamejenga misingi na kuinua maboma ya madarasa na zahanati, kisha wakasubiri serikali iezeke. Hilo ni jambo kubwa na halipaswi kubezwa. Lakini aliyeambiwa achangie darasa lililokwisha kuamuliwa amechangia, hajaamua, na kuandika thamani ya kokoto zake chini ya kichwa cha ushiriki ni kuhesabu jasho badala ya sauti. Watu wa Usukuma hawajawahi kuhitaji kufundishwa namna ya kujipanga. Sungusungu, yaani ulinzi wa jadi wa mwanzoni mwa miaka ya 1980, ilianzishwa vijijini na wananchi wenyewe, serikali ikaja kuitambua baadaye.

Hoja za wananchi hupotelea wapi basi? Kwa kawaida huibuliwa katika mkutano wa mtaa au wa kijiji, kwa utaratibu wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo ambao nchi yetu imeutumia tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, zikaenda kwenye kamati ya maendeleo ya kata, zikachambuliwa na wataalamu wa halmashauri, zikafika baraza la madiwani, zikapita TAMISEMI, yaani wizara inayosimamia serikali za mitaa, na hatimaye Bunge likapitisha bajeti ya mwaka wa fedha unaoanza Julai 1. Katika safari hiyo kuna kitu kinaitwa ukomo wa bajeti, yaani kiwango ambacho halmashauri haitakiwi kukivuka, na mara nyingi ukomo huo hufika baada ya wananchi kuwa wamekwisha kupanga vipaumbele vyao bila kujua wana kiasi gani cha kupangia. Ukomo ukishuka, kalamu hupita. Anayekata yuko ofisini na waliopendekeza wako mtaani, na hakuna karatasi inayorudi chini kusema kilichokatwa na sababu yake.

Nitatoa mfano wa mtaa wetu bila kuutaja, kwa sababu ungeweza kuwa mtaa wowote wa mlimani. Kipaumbele cha kwanza kilikuwa mfereji wa kupokea maji yanayoshuka kutoka kwenye mawe wakati wa masika na kuingia majumbani, na cha pili kilikuwa kivuko cha zege katika korongo ambalo watoto hulivuka kwenda shule. Mjadala ulikuwa mkali, kwa sababu wa juu walitaka kivuko na wa chini walitaka mfereji, na mama mmoja alisimama akaonyesha kwa mkono, kwenye ukuta wa ofisi ileile tuliyokutania, mahali ambapo maji yalifika mvua ya mwaka uliotangulia. Watu walipiga kura kwa kunyoosha mikono, mfereji ukashinda. Mpango ulioidhinishwa ulipotoka ulikuwa na matundu ya vyoo katika shule iliyoko mtaa mwingine. Vyoo vile vilihitajika sana, na huenda hata mimi ningevipigia kura kama ningeambiwa fedha ni za kazi moja tu. Lakini hakuna aliyekuja kutuambia hivyo, mfereji haukutajwa tena, na katika taarifa ya mwaka mtaa wetu ulihesabiwa miongoni mwa mitaa iliyoshirikishwa, pamoja na idadi kamili ya waliohudhuria. Mkutano uliofuata ulikosa watu. Mtendaji alilalamika kwamba wananchi hawana mwamko.

Ndiyo maana napendekeza, Ndugu Mhariri, kwamba kinachofuatiliwa kiwe hoja. Kila hoja inayopitishwa na mkutano wa mtaa au wa kijiji ipewe namba katika muhtasari, na namba hiyo isiiache hadi mwisho wa safari: ikifika kata iandikwe kama imekubaliwa, imebadilishwa, imeahirishwa au imekataliwa, pamoja na sababu katika sentensi moja, na ikifika halmashauri ifanyiwe vivyo hivyo. Halmashauri zetu tayari zinaandaa mipango na bajeti katika mfumo wa kielektroniki wa PlanRep, kwa hiyo siamini kwamba kuongeza namba ya hoja mbele ya mradi kutahitaji mitambo mipya. Mwaka ukiisha, orodha irudi katika mkutano uleule na isomwe. Hapo ndipo tutakapoweza kusema, kwa mfano, kati ya kila hoja mia zilizotoka mitaani ni ngapi zilifika kwenye bajeti, ngapi zilikataliwa kwa sababu iliyoandikwa, ngapi zilipotea bila maelezo, na mtaa gani haujapata chochote tangu baraza lililopo liingie madarakani. Mwenye kutaka kutenganisha hoja zilizoletwa na wanawake, vijana au watu wenye ulemavu ataweza pia kufanya hivyo.

Nasisitiza neno sababu. Hoja kukataliwa si ushahidi kwamba wananchi hawakushiriki, maana fedha ni chache na mitaa ni mingi, na kwa maoni yangu hoja iliyokataliwa kwa maelezo ya wazi inaonyesha ushiriki kuliko iliyokubaliwa kwa bahati kwa sababu ililingana na kile ambacho idara ilikuwa imekwisha kukipanga. Wenzetu wa Kenya, ambao Katiba yao ya mwaka 2010 inataja ushiriki wa wananchi miongoni mwa misingi ya utawala, wamelifikisha jambo hili mahakamani. Julai 2024 Mahakama ya Rufani ilitangaza Sheria ya Fedha ya mwaka 2023 kuwa batili, na miongoni mwa sababu ilizozitoa ni kwamba Bunge lilipaswa kueleza kwa nini lilikubali au kukataa maoni ya wananchi. Mahakama ya Juu ilitengua uamuzi huo Oktoba mwaka huohuo na sheria ikaendelea kuwa halali. Sihitaji kuamua nani alikuwa sahihi kisheria ili kuona kwamba swali lenyewe lilikuwa zuri, na kwamba kwetu linaweza kujibiwa kwa safu moja tu katika fomu ya kata.

Najua kipimo hiki nacho kinaweza kuchezewa. Mtendaji anayejua kwamba atapimwa kwa hoja zilizofanikiwa atajifunza upesi kuandika katika muhtasari zile tu ambazo zina fedha, na nyingine atazimaliza kwa maneno matamu mkutanoni. Kinga yake ni muhtasari wa maamuzi kusomwa mbele ya watu kabla hawajatawanyika, ukathibitishwa na nakala ikabandikwa kwenye ubao wa matangazo siku hiyohiyo. Hata hivyo nakiri kwamba ubao wenyewe katika ofisi nyingi umefunikwa na matangazo ya minada na vyumba vya kupanga.

Kuna jambo jingine ambalo wanaopanga vipimo wakiwa Dodoma au Dar es Salaam hawalioni, na sisi wa pwani ya ziwa tunaliona kila siku. Katika mialo, yaani fukwe za kushushia samaki, kama Igombe na Kayenze, mvuvi wa dagaa huingia majini jioni na taa zake na kurudi alfajiri. Dagaa wakishatua, wanawake huwanunua kwa ndoo na kuwaanika, na saa zile za asubuhi hadi mchana ndizo wanazowageuza na kuwachunga mvua isiwaharibie mtaji. Mkutano ukitangazwa saa nne asubuhi, mwanamume amelala na mwanamke yuko juani na dagaa wake. Watakaohudhuria ni wenye maduka, wazee na watumishi, na hao ndio watakaopanga vipaumbele vya mwalo. Akidi itatimia na karatasi itajaa. Wala dawa yake haihitaji fedha: wakati wa mbalamwezi taa hazivuti dagaa, mitumbwi yao mingi hukaa ufukweni, na mkutano ukiitishwa siku hizo, alasiri, utapata watu ambao haujawahi kuwapata. Kwa visiwa vya Ukerewe na vile vya Buchosa, ambako wavuvi huhama kutoka kambi hadi kambi wakifuata samaki na majina yao hayamo katika daftari la wakazi la kijiji chochote, tatizo ni kubwa zaidi. Sheria inataka mkutano mkuu wa kijiji ufanyike angalau mara moja kila miezi mitatu, lakini katika miezi hiyo mitatu wakazi wenyewe wanaweza kuwa wamebadilika.

Vikundi vya BMU, yaani vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi katika mialo, vilianzishwa katika ziwa hili ili jamii za wavuvi zishiriki kulinda rasilimali yao, na Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 ikavipa nafasi rasmi. Ukisoma taarifa, mafanikio yake huelezwa kwa idadi ya vikundi vilivyosajiliwa na viongozi waliopewa mafunzo. Miongozo inataka wenye vyombo, wavuvi wanaofanya kazi kwenye vyombo hivyo, wachakataji na wachuuzi wote wawemo, na karatasi itaonyesha kwamba wamo. Lakini mvuvi anayekula kwa mtumbwi wa tajiri wake atanyoosha mkono vipi kupinga jambo ambalo tajiri huyohuyo, akiwa meza kuu, amelipendekeza? Ukihesabu hoja zilizotoka kwa wafanyakazi wa mitumbwi na kilichozipata, utajua mengi kuhusu kikundi hicho ambayo cheti chake cha usajili hakikuambii.

Nani ashike kipimo? Wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa walikabiliana na swali hilo mwanzoni mwa miaka ya 1950, walipochoshwa na mizani ya wanunuzi iliyokuwa ikiwapunja, wakataka pamba yao ipimwe mbele ya watu wao wenyewe. Kutokana na malalamiko hayo vilikua vyama vya ushirika ambavyo, chini ya uongozi wa akina Paul Bomani, viliungana mwaka 1955 kuwa Shirikisho la Victoria hapa Mwanza. Halmashauri inayojipima yenyewe ushiriki wa wananchi wake ni kama mnunuzi anayepima pamba mwenyewe na kuandika uzito mwenyewe. Inawezekana kabisa akawa mwaminifu, ila mkulima hana njia ya kujua.

Vipimo huru tumewahi kuwa navyo. Jiji la Mwanza lilikuwa moja ya halmashauri sita ambazo REPOA, taasisi ya utafiti ya hapa nchini, na washirika wake walizifuatilia wakati wa maboresho ya serikali za mitaa, kwa kuwahoji wananchi mwaka 2003, 2006 na 2009, na miongoni mwa mambo waliyouliza ni kama mtu amewahi kuona taarifa za mapato na matumizi zimebandikwa hadharani. Swali kama hilo ni zuri kwa sababu halimwombi mtu kusifu wala kulaumu. Ameona au hajaona. Afrobarometer, wanaopima maoni ya wananchi barani Afrika tangu mwaka 1999, nao wamekuwa wakiuliza kama mtu alihudhuria mkutano wa jamii, kama aliungana na wengine kuibua jambo, na kama aliwasiliana na diwani wake. Malengo ya Maendeleo Endelevu ya Umoja wa Mataifa, yaliyopitishwa mwaka 2015, yana kiashiria kinachouliza ni sehemu gani ya watu wanaoamini kwamba maamuzi ni shirikishi na yanawajali. Hicho nakiona dhaifu kikisimama peke yake, walau kwetu, ambako mgeni aliyefika na kishikwambi akiongozana na mtendaji ataambiwa kwa adabu kwamba mambo ni mazuri. Imani ya watu ipimwe, lakini iwekwe kando ya orodha ya hoja.

Vilevile sheria isiwe kizuizi. Marekebisho ya Sheria ya Takwimu ya mwaka 2018, yaliyoweka adhabu kwa anayetangaza takwimu zinazopinga zile rasmi, yaliwafanya wengi waogope hata kuhesabu visima vya kijiji chao, na ingawa mwaka 2019 adhabu zile zililegezwa na haki ya kukusanya na kutangaza takwimu ikatambuliwa, hofu haikuondoka kwa kasi ileile. Kikundi cha vijana kinachotaka kulinganisha muhtasari wa mtaa na bajeti ya kata kisihitaji kwanza kutafuta nani wa kukikingia kifua.

Najua nitaambiwa kwamba mkoa wenye watu takribani milioni 3.7, kwa sensa ya mwaka 2022, hauwezi kufuatilia kila hoja. Lakini mkoa huohuo unafuatilia kila risiti ya ushuru wa soko kwa mashine ya mkononi, na mchuuzi wa Mwaloni Kirumba asipolipa hujulikana kabla jua halijatua.

Kuhusu gazeti lako, nina ombi mahususi. Uchunguzi uliofanyika Uganda katika miaka ya 1990 uligundua kwamba kati ya mwaka 1991 na 1995 shule za msingi zilipokea kwa wastani asilimia 13 tu ya ruzuku ya uendeshaji iliyotengwa na serikali kuu, na hatua mojawapo iliyochukuliwa ilikuwa kuchapisha magazetini kiasi kinachotumwa kila wilaya ili walimu na wazazi wajue cha kudai. Sehemu iliyofika shuleni ilipanda sana baadaye. Wataalamu wamebishana kuhusu sifa ambayo magazeti yanastahili katika mabadiliko hayo, lakini hakuna aliyesema kwamba kuchapisha kulidhuru. Naomba waandishi wako wa Kanda ya Ziwa wachague kata moja ya Nyamagana, moja ya Ilemela na moja ya Ukerewe, waombe muhtasari wa mikutano ya mitaa na vijiji pamoja na mpango ulioidhinishwa, kwa kutumia Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, ambayo inampa mwenye taarifa siku 30 za kujibu. Kisha chapeni karatasi hizo mbili ubavu kwa ubavu, hoja upande huu na bajeti upande ule, bila maoni yenu. Kata itakayokataa kutoa, chapeni jina lake na nafasi tupu.

Wako,
Mkazi wa Ilemela,
Mwanza.